Pumzi na Mifupa

Jumatatu, 9 Oktoba 1978. Bukiriro.
Vidonge vitatu baada ya uji, kama kila siku kwa miaka tisa. Pumu imetulia. Darasa la Tatu, kuzidisha kwa saba. Nusu yao hawajui bado. Mume wangu Gervasi amerudi na lori la wilaya kutoka Biharamulo, tope mpaka kwenye kioo. Ameleta dagaa na sabuni. Mgongo unauma kidogo. Labda ni kuinama kwenye shamba la shule.

Alhamisi, 12 Oktoba
Nimeinua ndoo ya maji. Wala haikujaa. Kitu kikalia ndani ya mgongo kama kijiti kikavu kinapovunjika. Nilikisikia kwa masikio yangu. Nikakaa chini palepale kisimani. Wifi Leokadia, dada yake Gervasi tunayekaa naye, alinishika kwapani akaninyanyua. Nikapiga ukelele mbele ya wanafunzi wangu. Aibu.

Jumapili, 15 Oktoba
Sikwenda misa. Siwezi kugeuka kitandani bila kushika ukuta. Kupiga chafya ni adhabu. Nina miaka hamsini na mbili. Mama yangu alilima mpaka uzeeni na mgongo wake haukumwambia kitu.

Jumatano, 18 Oktoba
Gervasi amenipeleka hospitali ya misheni. Aliendesha polepole kama amebeba mayai, lakini hakuna shimo lililonipita. Sista daktari akanipiga picha, akaiinua kwenye mwanga wa dirisha. Pingili moja ya uti wa mgongo imebonyea kama kopo lililokanyagwa. Mbili nyingine zimeanza. Mifupa yote imefifia, kama chaki iliyofutwa vibaya ubaoni.

Nilimwuliza nimekosa nini. Akaishusha picha.

"Ni vidonge vya pumu, Mwalimu. Vinakupa pumzi, lakini vinakula mifupa. Na hedhi yako imeshakoma. Hapo mifupa ya mwanamke hupungua hata bila dawa."

Miaka tisa. Hakuna aliyenionya. Nilimchukia Sista, ingawa si yeye aliyenianzishia.

Ijumaa, 20 Oktoba. Wodini.
Sista amekaa ukingoni mwa kitanda akanieleza yote. Naandika nisije nikasahau.

Vidonge vya pumu haviachwi ghafla. Mwili umeshasahau kujitengenezea dawa hiyo. Ukikatiwa, unaweza kuanguka ukafa. Vinapunguzwa nusu kwa nusu, mwezi kwa mwezi. Huenda pumu ikarudi. Huenda isirudi. Yeye mwenyewe hajui, na amesema hivyo. Anazo pia dawa za homoni, wametumiwa kutoka ng'ambo. Zinazuia mifupa isiendelee kuisha. Lakini zinaweza kurudisha damu, zinaweza kuamsha uvimbe katika tumbo la uzazi au titi. Nikamwambia habari za dada yangu Adventina, titi lake, harufu ya chumba chake mwezi ule wa mwisho. Sista akainamisha kichwa. Hakunibembeleza.

Vilivyobaki ni mkanda wa turubai wenye vyuma, vidonge vya chokaa ambavyo vitanifunga choo, maziwa, dagaa, na kutembea. Nisilale. Nilidhani mfupa uliovunjika hupumzishwa. Kumbe mfupa usiotumika huisha upesi zaidi.

Jumamosi, 21 Oktoba
Kwenye kitanda cha jirani yupo bibi kizee kutoka Nyakahura. Aliteleza mlangoni, akavunjika nyonga. Mwezi wa pili huu amelala chali. Mgongo wake ni kibiongo kabisa. Nilimwamkia shikamoo, akaitikia marahaba bila kuweza kunigeukia. Baadaye akasema, "Usikubari kitanda, mwarimu. Mimi kirinipokea vizuri, sasa hakinitoi."

Jioni nikajifunga mkanda. Nikatembea mpaka jikoni kwa masista na kurudi. Nililia njia nzima. Lakini nilikwenda.

Jumapili, 29 Oktoba. Nyumbani.
Gervasi anataka ninywe homoni. Anasema uvimbe ni labda, mgongo ni hakika. Nikamwambia yeye hakumwosha Adventina. Akatoka kwenda kuosha lori.

Sitazinywa. Nimeamua. Naogopa nimeamua kwa woga na si kwa akili.

Ijumaa, 3 Novemba
Jana kijiji kizima tulikusanyika kwenye redio ya mwenyekiti. Ni vita. Majeshi ya Amin yameingia kaskazini mwa mkoa wetu, yamefika mto Kagera. Wanawake hawakupiga vigelegele wala kulia. Kila mtu alikwenda kwake.

Jumanne, 7 Novemba
Malori ya wilaya yametakiwa kubeba askari na chakula. Lori huenda na dereva wake. Gervasi alisimama mlangoni, hakujua anishike wapi asiniumize. Akanishika vidole.

"Mwalimu, utakunywa dawa?"

Nikasema nitakunywa. Hakuuliza dawa ipi.

Jumatatu, 4 Desemba
Nimeshuka kutoka vitatu mpaka viwili na nusu. Kifua kinapiga mluzi alfajiri tu. Mkanda umenichubua kiunoni. Nafundisha nimeketi. Watoto walicheka siku ya kwanza, sasa wamezoea. Mwalimu mkuu ameninong'oneza kuhusu kustaafu mapema. Nikajifanya sikusikia.

Nimemwandikia Gervasi kwamba mgongo umepona. Dereva mwenzake amechukua barua. Uongo mtupu.

Jumamosi, 16 Desemba
Nimekwenda hospitali kuchukua dawa. Hakuna. Magari yote yako vitani, mzigo umekwama njiani, Sista hajui wapi. Akanipa zote zilizobaki kabatini, akachanganya na zangu: vidonge arobaini. Kwa viwili na nusu ni siku kumi na sita. Akasema, "Shuka hadi kimoja na nusu, kesho. Ni haraka mno, najua. Lakini kuliko kukatika ghafla."

Kitanda cha bibi wa Nyakahura kimetandikwa shuka jipya. Alipata homa ya mapafu. Nilimwuliza muuguzi jina la marehemu. Kumbe nililala naye chumba kimoja sikuuliza.

Jumatatu, 25 Desemba
Krismasi. Leokadia amepika ndizi na maharage. Sikuweza kula. Kichefuchefu. Miguu kama ya kitambaa. Nikisimama, nyumba inazunguka. Leokadia anasema ni mawazo ya mume. Sikubisha.

Ijumaa, 5 Januari 1979
Nimeanza kunywa kimoja. Sista hakuniambia hivyo. Nimepanga mwenyewe ili vifike katikati ya mwezi. Nikipumua vibaya naogopa kufa. Nikipumua vizuri nawaza mifupa na kufurahi kwamba dawa ni kidogo. Hakuna saa ninayotulia.

Ijumaa, 19 Januari. Wodini.
Nimeweza kushika kalamu leo.

Ilikuwa Jumapili asubuhi. Kifua kilifunga. Nilikaa nimeshika kizingiti nikivuta hewa isiyokuja. Leokadia alikimbilia wanaume wa kunibeba. Waliobaki kijijini ni wazee na wagonjwa, wengine wako mgamboni. Basi akaita wanawake. Kwetu mwanamke habebi machela; ni kazi ya wanaume. Wakabeba wanne, wengine wanne wakipokezana, na Leokadia mbele akiamuru hatua. Mzee mmoja aliwaambia waache, ni mwiko. Leokadia akamjibu kwa Kihangaza, maneno siyaandiki. Wakapita.

Kila hatua iliniingia mgongoni. Nilikohoa, ubavu ukavunjika. Kwa kukohoa tu. Nikaona midomo yao ikitembea, wanasali au wanahesabu hatua, sijui.

Sista alinichoma sindano ya mshipa. Hewa ikaingia. Sikuwahi kuonja kitu kitamu hivyo.

Jumanne, 23 Januari
Dawa zimefika. Sista ameweka kopo mezani, zima, na lakiri yake. Akasema naweza kurudi kwenye vitatu. Kifua kitatulia kabisa. Au viwili, kisha nishuke taratibu sana, pamoja na vidonge vingine vya kupanua kifua, ambavyo vitanitetemesha mikono na kunidundisha moyo. Mwandiko wangu ubaoni hautakuwa kama zamani.

"Ungekuwa wewe?" nikamwuliza.

"Ningeogopa kama wewe."

Nilimsamehe hapo. Si kwa sababu alijua. Kwa sababu hakujifanya anajua.

Jumatano, 24 Januari
Nimechagua viwili, na kushuka. Homoni bado hapana. Safari hii nimemwuliza Sista maswali yote, hata yale ya aibu, kisha nikakataa. Si woga tena, au si woga peke yake. Pumu huua kwa saa moja. Mifupa huchukua miaka. Miaka nitaitumia.

Nimeandika barua ya kweli kwa Gervasi. Kurasa tatu. Mikono inatetemeka tayari.

Jumamosi, 10 Machi
Kimoja na nusu. Kifua kinasema lakini hakifungi. Ubavu umeunga. Nimekwenda kwa miguu mpaka kwa kila mwanamke aliyenibeba, nyumba nane, siku tatu. Mmoja alisema bega lake bado linauma. Akacheka. Mimi sikuweza kucheka.

Gervasi hajajibu.

Alhamisi, 12 Aprili
Redio inasema Kampala imeanguka. Ngoma kijijini tangu jana. Mama mmoja wa huku chini amepata habari ya mwanawe wiki hii. Huko kwao hakuna ngoma. Nimekwenda kukaa naye.

Jumanne, 22 Mei
Barua. "Mwalimu, nimesoma kurasa zote tatu. Nilijua kuwa barua ya kwanza ni uongo kwa sababu ilikuwa fupi. Lori limeungua, mimi mzima. Endelea na dawa uliyochagua." Hayo tu. Nimeisoma mpaka karatasi imelainika.

Jumapili, 1 Julai
Gervasi amerudi jana kwa gari la watu. Amekonda, jicho moja haliangalii vizuri. Tulisalimiana mbele ya watu, kwa mikono. Ndani akanitazama muda mrefu. Zamani nilimfikia kwenye masikio. Sasa, kwa mgongo huu, nafika begani. Nilingoja aseme. Akaomba maji ya kuoga.

Jumatano, 4 Julai
Kiangazi. Upepo mkavu, vumbi kwenye kila kitu. Kidonge kimoja. Nimefua asubuhi, nguo chache, sikuinama sana. Nilipofika uani na beseni, kamba ya kuanikia ilikuwa imeshushwa, usawa wa kifua changu. Fundo jipya kwenye nguzo zote mbili. Gervasi alikuwa ameshakwenda shambani.

Nikaanika.