Mama wa Sachiko

Jumatatu, 3 Machi
Vioo vitatu vya simu, betri moja. Mvua, Umbilo Road imepooza. Jioni nimerudi kwenye kazi ya Wajapani. Bendi yao hupiga kelele tupu, na imechagua watu kumi wa nchi mbalimbali, kila mmoja augeuze wimbo wao mmoja apendavyo, matoleo yote kumi yatoke kwenye santuri moja. Mimi ni mmoja wao. Fundi simu niliyetoka Bukavu, huku ugenini. Bado siamini.

Jumatano, 5 Machi
Nimeondoa kelele yote. Mazoea ya kazi, mkono hauwezi kuona uchafu ukauacha. Chini yake kuna bibi anaimba taratibu. Anakohoa, anaendelea. Nimemwekea gitaa. Furaha, mke wangu, ameacha sufuria jikoni akaja kusikiliza. Nimetuma.

Ijumaa, 7 Machi
Kampuni ya santuri wamefurahi mno. Wanataka wimbo wangu uwe wa kwanza. Furaha ameshampigia dada yake.

Halafu ameandika Sachiko, mwimbaji wa bendi. Yule bibi ni mama yake, alimrekodi hospitalini wiki yake ya mwisho. Aliifukia sauti yake ndani ya kelele makusudi, awe naye kila anapopanda jukwaani, mtu mwingine asimsikie. Hata wenzake hawakujua. Hakatazi. Anasema wimbo sasa ni wangu, niamue mwenyewe.

Heri angekataza.

Jumapili, 9 Machi
Mahubiri hayakuniingia. Nimemwambia Furaha nataka kumrudisha bibi ndani ya kelele, amewaka. "Unatupa chance yetu juu ya mama ya mtu huko Japon? Alishakufa, papa. Haiko zambi." Miaka yote amevumilia makelele yangu ndani ya chumba kimoja. Naogopa atanichoka. Kile kikohozi nacho hakinitoki masikioni.

Jumanne, 11 Machi
Nimekwenda sokoni Warwick kurekodi honi za taxi, wapagazi, mikokoteni. Nimemfunika bibi kwa hayo yote. Nimetuma. Kampuni wamejibu hapo hapo: sauti ya bibi iwepo, la sivyo basi. Nimesema basi.

Ile nakala safi nimeifuta. Furaha hasemi nami.

Ijumaa, 25 Aprili
Santuri imetoka. Nyimbo tisa, jina langu halimo. Imeniuma, sitajidanganya.

Mchana nilikuwa napiga ule wimbo wao wa awali dukani, na kelele zake zote. Furaha akaingia na chakula. Akakaa kwenye kiti cha wateja.

"Iko wapi, ile mama?"

Nikawa namwinulia kidole kila bibi anapovuta pumzi. Hakusikia kitu. Alikaa mpaka wimbo ukaisha.