Maskati hadi Bombay, Saa Mbili u Nusu

Jumatatu, 11 Machi 1996
Siku ya kumi na tisa ya arobaini ya uzazi. Uji wa pilipili manga, kukandwa, kulala. Shangazi hanipi ruhusa hata ya kuchungulia dirishani. Haya yote angeyafanya mama, lakini mama yuko Bombay. Alhamisi atapasuliwa mawe ya nyongo. Jirani waliosafiri naye wanarudi kesho. Kaka yangu Abdalla ameapa kupanda ndege Maskati kesho asubuhi, akakae naye. Hataachwa peke yake. Moyo wangu umetulia.

Jumanne, 12 Machi
Abdalla kapiga simu jioni. "Nishafika, dadangu. Niko na mama. Saa nne nzima angani, mgongo waniuma." Nikamuombea dua kwa sauti.

Baadaye nikafungua kitabu cha ratiba za ndege, kile cha ofisini. Miaka sita nimewakatia watu tikiti mji huu. Maskati hadi Bombay ni maili kama elfu moja. Ndege yaondoka saa tatu asubuhi, yafika saa saba mchana. Lakini saa za Bombay ziko mbele kwa saa moja u nusu. Kwa hiyo angani ni saa mbili u nusu tu. Saa nne ni hesabu ya mtu aliyesoma tikiti, akatoa tatu kwenye saba.

Labda amechoka. Labda mimi nina roho mbaya.

Jumatano, 13 Machi
Usingizi haukuja. Shangazi alipotoka kwenda sokoni nikaomba opereta aniunganishe na Maskati, nyumbani kwa Abdalla. Akapokea mwenyewe.

"Halo?"

Anatafuna. Nikakata simu.

Anatafuna!

Alhamisi, 14 Machi
Leo mama anapasuliwa. Mimi kitanda kimenifunga. Yeye saa mbili u nusu zimemshinda. Dubai kununua redio anakwenda kila mwezi. Nimemchukia. Naandika tena nione kama mkono utasita: nimemchukia. Haukusita.

Shangazi asema nisipokula maziwa yatakauka. Nimekula.

Ijumaa, 15 Machi
Nimepata hospitali ya Bombay kwa simu. Nesi kasema mama amezinduka, hajambo. Nikauliza nani yuko naye. Hakuna mtu.

Jumamosi, 16 Machi
Nimepiga Maskati tena. Akapokea Salma, mkewe. Abdalla yuko kazini. Bombay? Salma akashangaa. "Wifi, si wewe uliyemwambia asisumbuke? Kasema umepata mtu wa kukaa na mama."

Kwa mkewe, mimi ndiye niliyemwacha mama. Mtoto akaamka. Nikamuaga Salma, nikamnyonyesha.

Jumapili, 17 Machi
Mama kapiga mwenyewe. Sauti nyembamba, lakini ni yake. Akauliza mtoto anyonya? Nala? Nikataka kumwambia yote. Akaniwahi.

"Usiwe na wasiwasi, mwanangu. Nduguyo yuko papa hapa. Tangu Jumanne hajabanduka. Ameteremka kuninunulia machungwa."

Machungwa. Kidonda kibichi tumboni, na bado anamsitiri. Au ananisitiri mimi, sijui. Imeniuma kuliko uongo wa Abdalla.

Nikasema alhamdulillahi. Nikamwambia ampe salamu.

Shangazi aliingia na uji. Akauliza mama ana nani huko.

Nikasema Abdalla.