Bingwa wa Namba Mia Mbili Thelathini

Jumanne, 4 Machi 1958. Bwera.

Bahati yangu mimi Magidu haina mwenzake! Kule vitani Burma risasi zilinipita kama nzi. Leo tena, mashine ya daktari: 120! Namba ya kijana, asema Nasani, karani wake. Kadi iko mfukoni, nimeshaionyesha soko zima.

Daktari Mzungu amekuja kupima watu presha ya damu, bure. Mkanda mkononi, pampu, zebaki inapanda. Mkalimani ni mimi — chumvi yangu ya kuuza, ya Katwe, ikae kwenye lori, isubiri. Lakini watu walipouona ule mpira mwekundu wakakimbia. Eti unanyonya damu! Daktari akabaki peke yake kama bwana harusi aliyekimbiwa. Nikamhurumia. Nikapanda juu ya gunia: jamani, ni mashindano! Mwenye namba kubwa ndiye bingwa! Weee! Foleni mpaka darajani. Najua namba kubwa si nzuri, Nasani alinidokeza. Lakini ni mzaha tu, daktari ataeleza mwenyewe.

Ameshinda mama Bulandina, mkulima wa kahawa wa Kyondo, yule anayenilisha kila nikipanda huko wala haniulizi dini. 230! Vigelegele. Nikamzawadia jiwe zima la chumvi. Daktari akasema mwambie aje Ijumaa, gari langu litampeleka hospitali, alale. Nikatafsiri. Mama akacheka: "Bingwa alale hospitali? Walale wale beko na mia na ishirini!" Soko zima likanicheka. Na mimi nikacheka.

Alhamisi, 6 Machi

Nasani kaniita pembeni. Hana mzaha leo. Mtu wa 230 anaweza kuanguka hata kesho, mshipa upasuke kichwani. Na chumvi kwake ni sumu.

Chumvi!

Nimeacha lori chini, nimepanda Kyondo kwa miguu, mbio. Jiwe langu liko jikoni, limeshapungua. Nikasema mama, nilidanganya, namba kubwa ni ugonjwa. "Wivu, Magidu! Wanaume wote wa Bwera niliwashinda, sasa munataka kuninyang'anya." Binti yake Loyi akasema afande huyu, mzaha hamalizi. Ni kweli. Nikapiga magoti — wakacheka zaidi. Machozi yalinitoka, wakadhani mchezo! Wakanipa maharage. Yamekolea chumvi. Nikala.

Ijumaa, 7 Machi

Gari lilimngoja mpaka saa saba. Swala imenipita nikiangalia njia ya Kyondo. Hakuja. Daktari ameondoka, anapima watu Muhokya, njia ya Kasese.

Jumapili, 9 Machi

Ameanguka kanisani, katikati ya wimbo. Wamemteremsha mlimani kwa machela. Nikamwaga magunia yote kando ya barabara, nikamlaza kwenye lori, Loyi ameshika kichwa chake. Upande wa kulia umekufa. Mdomo umepinda. Muhokya tukamkuta daktari, akatutangulia na gari lake mpaka Kasese. Nimeendesha kama nabeba mayai. Nimempigia mama hadithi zangu zote kupitia dirisha la nyuma, hata zile za uongo. Hakucheka hata moja.

Jumatatu, 10 Machi. Kasese, hospitali.

Daktari anasema dawa ya kurudisha upande ule hana. Tungoje. Alale, asile chumvi, apimwe kila asubuhi. Basi! Mtu mzima nimevuka bahari, na kazi yangu ni kungoja.

Lakini kupimwa hataki. Nasani akileta mkanda, mama anaupiga kwa ule mkono wa kushoto uliobaki. Mkanda anautazama kama nyoka. Anadhani ndio uliomwangusha. Loyi akasema: "Afande, wewe ulipimwa, namba yako ni nzuri. Weka mukono yako kwanza, mama aone hakuna kitu."

Mama akanitazama. Akashusha mkono. Ananingoja mimi!

Nikasema rejeta imekauka, naenda kutia maji.

Sasa niko ndani ya lori. Rejeta imejaa. Kichwa kinagonga, kama kila asubuhi tangu mwaka jana. Baba yangu kilimgonga hivi hivi, mpaka siku aliyoanguka. Loyi amesimama mlangoni, ananipungia. Nasani nyuma yake, mkanda mkononi.

Sikupimwa. Ile 120 niliiandika mwenyewe kwenye kadi, kwa kalamu ya Nasani.