Jina Nililompa Mrundi Wangu

Jumatatu, 6 Julai 1953
Apolinari ameacha kazi mgodini juzi. Daktari wa Kolandoto kasema asishuke tena shimoni, vumbi limemla kifua. Vizuri! Lakini yeye ni Mrundi. Karatasi yake ya boma yataka awe na mwajiri. Asipompata mwingine kwa siku kumi na nne, arudishwe kwao. Na mkewe, mjukuu wangu Mektilda, ana mimba ya miezi saba! Nimemwambia kwa utani wetu wa bibi na mjukuu, mume wangu, huendi popote. Akacheka mpaka akakohoa.

Jumatano, 8 Julai
Bujiku, nyapara wa kinu cha pamba, kapita kutafuta wapakiaji. Apolinari alikuwa amekwenda kutafuta kuni. Kauliza, Mayu Epifania, yule kijana wenu anaitwa nani? Maige, nikasema. Ndilo jina nililompa alipooa hapa, mwaka wa nzige; maige kwa Kisukuma ni nzige. Anavyokula ugali, linamfaa! Bujiku akaandika: Maige, mjukuu wa Epifania. Nikampa togwa kata mbili. Nimelala kwa raha.

Ijumaa, 10 Julai
Kadi ya kazi imeletwa. Apolinari kaisoma mara mbili. Kisha: Bibi, umeniua.
Nini tena? nikamuuliza. Ati kadi hii ni ya Msukuma. Apolinari wa boma bado hana kazi, na siku zinakwisha.
Nikamjibu, bora hivyo! Maige ni mwenyeji, nani atamuuliza karatasi?
Akasema kidole chake kipo boma, walikipaka wino. Wakimkamata ni jela kwanza, Urundi baadaye. Na mtoto wangu, akauliza, ataitwa wa nani?
Nimepiga sufuria chini. Mektilda analia. Mwandiko wangu umepinda leo — herufi nilizofundishwa na katekista, si za shule.

Jumapili, 12 Julai
Baada ya misa nimemshika Bujiku kanzu. Abadili jina! Anacheka tu. Mayu, bwana wa kinu ameshatia sahihi, boma waseme kwanza. Halafu kaninong'oneza: kaeni kimya, Wasukuma wako wengi, nani atahesabu mmoja zaidi?
Maneno matamu. Nimeyatafuna njia nzima.
Jioni nimemwambia Apolinari, nimekosa. Mimi, na mvi zangu. Akaniambia, mke wangu mzee, kula kwanza.

Jumanne, 14 Julai
Boma. Tumekuja na lori la pamba kuomba jina libadilishwe, mgongo wote unauma. Karani ni kijana wa adabu. Shikamoo bibi. Marahaba. Akaweka karatasi mbili mezani, ya Apolinari na ya Maige, akazitazama sana.
Bibi, huyu ni damu yako? Kama ni mjukuu wa kuzaa hahitaji kibali, nendeni nyumbani.
Neno moja tu, ndiyo, na tungekwenda zetu! Apolinari anatazama sakafu. Hakunikonyeza, hakunikataza.
Nikasema: si damu. Ni Mrundi, mume wa mjukuu wangu. Jina la Maige nimempa mimi, nikamwambia nyapara mimi. Kama kuna wa kufungwa, niandike. Lakini kazi anayo, na mke anaye, na mimi ananiita bibi!
Karani akaweka kalamu. Akazichukua zote mbili, akaingia kwa Bwana Shauri, mzungu wa boma.
Tuko kwenye benchi. Naandika hapa hapa. Apolinari kavua kofia, anaikunja, anaikunjua. Nimemwambia aache, itachanika.
Mlango umefunguka. Wanaita — Apolinari! Yeye peke yake. Kasimama.
Na mimi nasimama, niingie naye.