Kila Wiki Mbili Kazi Nane

Shakila, nimeumbuka!

Leo kwenye kikao Ruangwa, Sista Gaudensia wa hospitali kaniuliza programu ya kusajili wagonjwa itaisha lini. Zimebaki kazi arobaini na nane. Nikasema mwezi mmoja. Mwezi mmoja, Shakila! Sijui maneno yalinitokaje.

Titus, ninayeandika naye hiyo programu, akasimama. "Sista, kila wiki mbili tunamaliza kazi nane. Hiyo ni miezi mitatu."

"Nilikuwa karibu kusitisha oda ya daftari za kuandikia wagonjwa wodini," Sista akasema. "Mkweli ni nani?"

Nikajibu, "Titus."

Akamwambia mbele yangu, "Kuanzia leo tarehe utanipa wewe."

Sasa mimi na Titus tuko kwenye basi la Nachingwea, tumekaa kiti kimoja. Nataka kumwambia asante, nashindwa.