Mama Anaitikia Mashine

Jumanne. Baridi ya Julai, na jua halijachungulia hapa mtaani Kilimani tangu asubuhi. Nimechoka tu.

Leo nilimpeleka Mama hospitalini, kule Parklands, kupigwa picha ya kichwa kwa MRI. Jicho lake la kushoto linafifia kila wiki. Daktari hawezi kumpasua kabla hajaona vizuri kile kinachokua nyuma ya jicho.

Picha zimeharibika. Zote.

Na Mama hakuwa mkaidi. Alilala ndani ya ile mashine, nami nimemshika mguu. Kila mara mhudumu alipomwambia kwenye spika, kama anayesema na bibi yake, "Shosho, tulia, usitikise kichwa," Mama alitikisa kichwa kukubali. "Sawa, mwanangu." Ndivyo alivyolelewa. Ukisemeshwa, unaitikia.

Wakaamua kunyamaza. Mama akadhani wameenda, akajaribu kuinua kichwa awatafute.

Mhudumu alinionyesha picha: pua mbili, na jicho kama limepakwa kwa kidole. Akasema kompyuta husahihisha mtikisiko mdogo, lakini huu umeishinda. Kumlaza kwa dawa, moyo wake hautaweza. Turudi Alhamisi.

"Mfundishe kunyamaza, dada," akaniambia kwa upole.

Nimfundishe vipi? Baba alikuwa akiita kutoka bafuni, ametafuta taulo akaikosa, na Mama anaitikia kutoka jikoni hata mdomo ukiwa umejaa chai. Tulimzika Baba Januari. Jioni nyingine bado namsikia Mama akisema "nakuja", na hakuna aliyemwita.

Tuliporudi nyumbani tulifanya mazoezi kwenye kochi. Nilimwekea mito pande zote mbili za kichwa, nikawa namsemesha. Mwanzoni aliitikia kila neno. Akasema nikimfundisha madharau uzeeni, nisije nikalalamika baadaye. Tukacheka.

Halafu akaweza. Macho amefumba, mikono kifuani.

"Mama, unanisikia?"

Kimya. Nikauliza tena. Hata kope haikucheza.

Ndicho nilichokuwa nikimwomba. Lakini ndivyo Baba alivyolala asubuhi ile ya mwisho, nami nikimuuliza hivyo hivyo.

Nikamshika bega, nikamtikisa. "Mama, itika."

Akaitika. Kisha akaniuliza, kwa sauti ya chini, iwapo amekosea.

Nilimwambia hajakosea. Sasa amelala, na mimi nimekaa hapa na chai iliyopoa. Keshokutwa watamwomba tena asiitike. Nitaweza kumshika mguu na kumwacha anyamaze?