Waya Dirishani

Jumapili, 14 Mei 1978

Betri imerudi kutoka Nyamira ikiwa imejaa. Ni ya gari. Nzito. Nimeisukuma kwa wilbaro na mgongo unaniuma mpaka sasa. Nikaiweka mlangoni kwa mwanangu Samweli, nikagonga ukuta, nikaondoka. Kabla sijafika kwangu mashine ikaanza. Ti. Ti. Ti.

Samweli ni mgonjwa wa figo. Amekaa Ulaya miaka sita akisomea mambo ya umeme, na alichorudi nacho ni televisheni ndogo na sanduku la kuchezea mpira ndani yake. Nimechukia. Naandika hapa ili angalau niwe nimesema.

Jumanne, 16 Mei

Walimu watatu na karani wa kituo cha majani chai. Wote ndani kwa Samweli. Mimi nje, napalilia migomba ambayo haina magugu.

Kelele zao zinafika hadi barabarani. Mwalimu Onsongo anashikilia kwamba mchezo wa tenisi ndio wenye akili, ule wa mpira wa miguu ni vurugu tupu. Karani anasema tenisi ni ya watu waliochoka. Watu wazima, wenye wake na watoto, karibu wapigane.

Moraa, mke wangu, amenieleza kitu chenyewe. Nukta nyeupe inarushwa huku na huku kati ya vijiti viwili. Kila mchezaji ana kitufe chake cha kuzungusha, kama cha redio. Ukizungusha, kijiti chako kinapanda au kinashuka. Basi. Amejaribu mwenyewe, akacheka. Sijamsikia akicheka tangu Samweli arudi.

Mimi sijaiona na sitaiona. Baba haingii nyumba ya mwanawe aliyeoa. Kwetu Wagusii jambo hilo halina mjadala. Nilikuwa karani wa mahakama Kisii hadi nikazeeka, nimeona watu wakivunja kila sheria ya serikali. Hii sijaona aliyeivunja.

Ijumaa, 26 Mei

Samweli alikuwa akitoka asubuhi kuota jua. Tulikaa kwenye vigoda, yeye huku, mimi kule, tukizungumzia mvua. Leo hakutoka. Miguu imevimba. Kemunto, mkewe na mama wa wajukuu wangu, amemtandikia kitanda sebuleni karibu na dirisha.

Daktari wa Kisii alishatuambia hakuna la zaidi. Kwa hiyo mwanangu atakapotoka tena kwenye ule mlango atakuwa amebebwa. Nimeandika hivyo. Nina hasira tu. Sijui na nani.

Moraa ameuliza kwa nini tusimlete kwetu. Jibu analijua. Mwana mwenye nyumba yake halazwi kwa babake kungoja kufa.

Jumatano, 31 Mei

Amekuja mpwa wangu, dereva wa lori, kutoka Nairobi. Ameingia moja kwa moja, yeye hana kizuizi. Nikamsikia akiwaambia walimu kwamba mashine hii imeshapitwa. Kuna mpya za kubadilisha kaseti, kila kaseti mchezo wake, na picha ni za rangi. Hii ya Samweli mwaka kesho itakuwa ya kufungia mlango. Nilitamani kumpiga jembe.

Samweli akasema, pole pole, kwamba hata hizo mpya zitahitaji watu wawili. Mmoja akikosekana, rangi haisaidii.

Walipoondoka akaita kwa sauti, "Tata, uko hapo?"

Ndivyo tunavyowaita baba zetu. Nikasema nipo. Hatukuwahi kuzoea kuongea, mimi na yeye. Nilisimama kama mtu anayeomba kazi. Nikarudi kwangu.

Jumapili, 4 Juni

Leo lazima niandike vizuri.

Mwalimu Onsongo ameongeza waya wa kitufe kimoja. Ameuunganisha na waya wa redio, akaupitisha kwenye ufa wa dirisha la mbao, ukatoka nje. Akaniwekea kigoda chini ya dirisha, mgongo ukutani. Akanipa kitufe mkononi na kuniambia hayo ni maagizo ya Samweli. Nikamwambia mimi mzee wa kanisa sichezi michezo ya watoto. Akaniambia nimwambie Samweli mwenyewe. Sikumwambia.

Nilikaa. Sioni chochote ila migomba. Sanduku lina sauti zake: ti ukiupiga mpira, to ukigonga ukuta, na mlio mrefu mbaya ukifungwa. Nilifungwa kila mara. Ndipo nikasikia sauti ya Samweli nyuma yangu.

"Juu kidogo, Tata."

Nikazungusha. Ti.

Alikuwa ananielekeza niurudishe mpira alioupiga yeye mwenyewe. Juu kidogo. Shuka. Hapo hapo. Mchezaji gani hufanya hivyo? Nilicheza hadi vidole vikafa ganzi. Moyo wangu umevunjika na nilikuwa na furaha, vyote pamoja, na sitaki kuulizwa.

Jumamosi, 10 Juni

Sabato. Tumetoka kanisani. Samweli akaita. Nilisema leo hapana, ngoja jua lizame, Sabato iishe. Akanyamaza. Kule kunyamaza sikukuweza.

Nilikaa kwenye kigoda na suti yangu ya kanisani. Mchungaji akapita njiani na wenzake. Wakaniona, mzee wao, nikizungusha kitufe ukutani. Walinisalimu kwa heshima kubwa mno. Najua kitakachosemwa. Waseme.

Kwa hiyo Sabato nimeweza kuivunja. Kizingiti cha mwanangu siwezi. Nimekaa nikilifikiria hilo na sipati maana yake.

Jumatano, 14 Juni

Mawe ya mashine, betri ndogo kama za tochi, yalikwisha; ile ya gari ni ya televisheni. Nimenunua mapya Kebirigo. Muuzaji aliuliza ni ya redio gani. Nikasema ya redio.

Samweli haongei sana sasa. Anasema "juu" tu, au "shuka". Masikio yangu yamezoea, mara nyingine naupata mpira kabla hajasema. Ti, halafu nangoja, halafu ti yake. Siombi kitu kingine. Kupona niliacha kuomba.

Jumatatu, 19 Juni

Tulianza saa nne asubuhi. Niliupata mpira mara kadhaa. Halafu nikafungwa. Nikangoja aniambie. Mashine ikarusha tena, nikafungwa tena. Hakuna aliyesema juu, hakuna aliyesema shuka.

Nikaendelea kuzungusha. Mlio mrefu. Mlio mrefu. Nikasema, "Samweli, juu au chini?"

Kemunto akapiga kelele ndani.

Moraa alikuja akakitoa kitufe mkononi mwangu kidole kwa kidole. Mlango ulikuwa wazi. Nilifika mpaka kizingiti, nikaona ncha ya blanketi. Nilitaka kuingia. Sikuingia. Mungu anisamehe au asinisamehe, ni shauri lake.

Alhamisi, 22 Juni

Tumemzika. Nilimwona uso uani, ndani ya sanduku, watu wamejaa. Amekonda sana. Hakuna aliyekuwa ameniambia.

Jumapili, 2 Julai

Kemunto alikuja leo. Alisimama kwenye pembe ya nyumba, uso ameugeuzia pembeni kama ipasavyo mkaza mwana. Hajawahi kuniambia maneno mengi hivyo.

"Tata, siku zile za mwisho hakushika kitufe chake. Mimi ndiye nilikuwa nazungusha. Yeye alikuwa anaangalia kijiti chako tu. Kila kikisogea alikuwa anasema, 'Unaona, Tata ameingia.'"

Nilimshukuru. Aliuliza kama autoe waya dirishani, maana upepo unapita usiku na watoto wanakohoa. Nikamwambia auache kwanza, ule ufa nitauziba kwa kitambaa.

Nimeuziba. Halafu nikaenda kupalilia migomba. Sasa ina magugu kweli.